Mama Mdogo, Chumba Namba Nne

Bradford, saa tatu na robo, mvua ya upande.
Nimeapa: sitaongeza, sitapunguza.
Ulimi wangu wameukodi kwa saa,
nauli ya basi nitarudishiwa mwisho wa mwezi.

Bi Mwanakheri amekaa ukingoni mwa kiti.
Koti si lake; mikono yake imemezwa na mikono ya koti.
Nyuma yake Shebwana, raia wa Uholanzi,
katoka zamu ya usiku ghalani,
vumbi la maboksi bado liko kwenye nyusi.

"Huyu ni nani wako?"
"Mwanangu."
"Ulimzaa?"
"Alimzaa dada yangu. Mimi mama yake mdogo."

Nikafungua kinywa, nikakuta shimo.
Neno lao moja limewabeba shangazi, mama mdogo,
mke wa mjomba, wote kapu moja.
Nikasema: mama, yule mdogo.
Wakili wa serikali, kijana, tai imemkaba:
"Mdogo kwa kimo?"
Wala hakuwa anatania.

Sheria ina mstari, mzazi juu, mtoto chini,
wima kama bomba la mvua.
Aliye kando ya mstari
athibitishe kwamba anategemea.

Tegemea. Hapo nilijikwaa.
"Unamtegemea?"
"Namtegemea. Tangu anaota meno
nilikuwa namtegemea."
Kwetu neno hili lina miguu miwili,
mmoja umeegemea ukuta,
mmoja umesimama mlangoni unatazama njia.
Wao wanataka risiti za ule wa kwanza.

Risiti zipo. Euro sitini, sitini, arobaini,
Ramadhani mia. Wino umefifia,
jaji anaziinua kwenye taa.
"Zilikuwa za haja, au za heshima?"

Bi Mwanakheri akanitazama mimi, si jaji,
kama mtu aliyeulizwa maji yana upande gani.
"Mwambie nilinunua unga."
Kisha, taratibu: "Na heshima nayo niliila."

Nikatafsiri. Unga ulipita salama.
Heshima sijui ilifika na nini.
Kalamu ya jaji ilisimama, ikaendelea.

Uamuzi utakuja kwa posta.

Hairuhusiwi kuzungumza nao nje.
Lakini lifti ni moja, nasi tuko watatu,
na yeye kanishika kiwiko:
"Mwanangu, wamesemaje?"

Mwanangu.
Asubuhi nzima nimelipima neno hili kwa kijiko,
sasa kanimwagia bure.
Nikabonyeza kitufe cha chini,
kikakataa, nikabonyeza tena.