Bila Asante

Huku milima ya Kentaki lami huishia kwenye kanisa la mbao;
juu yake changarawe, kisha Bi Orpha Stidham,
miaka themanini na tisa, presha haishikiki.
Jinsengi kaitunga uzi dirishani,
mizizi yenye miguu kama watoto.
Fomu yangu iliuliza: dawa anazotumia?
Nikaacha wazi.

Siku hiyo birika lilinimwagikia mkononi. Mimi, muuguzi.
Akaushika, akapuliza mara tatu,
akanong'ona kama anayemwita mbuzi gizani,
na moto ukatoka.
Ulikokwenda sijui.

"Usishukuru. Ukishukuru, unarudi."
Nami mtoto wa Korogwe,
niliyechapwa kwa kusahau asante,
nikaung'ata ulimi.

Maneno yale mwanamke humpa mwanamume asiye damu yake.
Wanaume wa bonde lile mgodi umewala mapafu,
waliosalia wamehamia Ohio.
Machi, theluji ikichuruzika paani,
akaniambia niinamishe sikio.

Ninayo. Mistari mitatu tu.

Siku ya maziko waliimba bila kinanda;
mimi nilifumba mdomo kwa nguvu,
wakadhani ni majonzi.