Rudisha Pale Kwenye Viazi

Usiguse rimoti, anasema mama, haijaharibika,
ndivyo ilivyo: nyeusi na nyeupe tangu kuzaliwa.
Alhamisi usiku, Al-Khuwair, Julai.
Kiyoyozi cha dirishani kinakoroma kama mgeni aliyeshiba,
maji yake yanadondokea ndoo tuliyoitega robo ya roshani.

Kwenye kioo mwanamke anashuka kutoka juu ya winchi,
grisi hadi viwikoni.
Anapanda ngazi, ghorofa ya nne, lifti hakuna.
Mumewe kakaa jikoni na fulana, mbele yake bakuli la viazi vya moto
na barua.
Nimengoja robo saa nzima mtu afe.
Hafi mtu. Wanaitazama barua.

Mama anatafsiri. Miaka minne ya Leipzig,
chuo cha eksirei, bweni la wasichana,
tiketi ya sinema kwa bei ya mkate:
Kijerumani chake kilikaa ndani kama nguo ya harusi,
kinatoka na mikunjo yake, kinanuka sanduku.
"Anasema, kiwanda kimeniita Rostock, nikawe msimamizi.
Mume anasema, na mtoto?
Anasema, mtoto ana baba."

Baba yuko nyuma yetu, mgongo kwenye takia,
gazeti la juzi limemfunika uso.
Yeye hatazami sinema za hao.
Hao ndio waliokuja kujenga maghorofa Kikwajuni
wakati nyumba ya baba yake ikibandikwa namba.
Lakini zile ngazi, zile roshani za zege zenye nguo za kuanika...
nasikia gazeti linashuka kidogo.
"Kikwajuni hiyo," analiambia gazeti.

Kisha mwanamke wa filamu anasema maneno matatu.
Nimehesabu. Matatu.
Mama anayatafsiri dakika nzima.

"Anasema, nilikuja na cheti, kina muhuri na picha yangu,
ukasema hapa hakisomeki, tutakipeleka kesho.
Kesho ikamzaa Muhana, ikamzaa na huyu,"
akaninyoshea kidevu,
"ikajenga nyumba, ikanunua gari mbili.
Anasema, nimeona mifupa ya Wajerumani mia sita
na wako sijauona hata mmoja.
Anasema, nilingoja uulize. Hilo kosa langu.
Lile jingine lako."

Kwenye kioo mwanamke ameshanyamaza kitambo,
anamenya kiazi, anapuliza vidole.

Baba anainuka. Namjua: anakwenda kulala,
atafunga mlango taratibu,
mlango wake haujapiga kelele hata siku moja
na ndiyo sababu tunauogopa.
Hakwenda.
Akapita mbele ya kioo, kivuli kikammeza yule mume,
akazima kiyoyozi.

Nyumba ikaota masikio.
Tone kwenye ndoo. Pikipiki ya chakula huko chini.
Bomba linalovuja jikoni kwa watu wa mbali,
watu ambao yamkini wote wamekwisha kufa.
Joto likaingia bila hodi.
Baba kavua kofia, kaivisha goti.
"Kelele zile," anasema, "zinanifanya nisikie nusu."

Filamu inakwisha bila kwisha:
mke anaosha sahani, mume kashika taulo hajui aanzie wapi,
barua imepata doa la maji,
majina yanapanda.

"Sasa alikwenda huko Rostock, hakwenda?"
"Haisemi."
"Sinema gani haisemi?"
"Zilikuwa hivyo. Tukitoka tukigombana njia nzima
mpaka tramu inatupita."

Baba anapangusa shingo. Jasho la mtu aliyebeba kabati peke yake.
"Rudisha," ananiambia mimi,
"rudisha pale kwenye viazi."
Halafu, sasa akimtazama yeye:
"Nitafsirie alichosema yule.
Kisha useme tena kile ulichosema wewe."

Nikaitafuta rimoti kila mahali.
Ilikuwa chini ya gazeti.