Theluthi ya Juu

Ijumaa, samaki wa kukaanga, ukumbi wa maveterani.
Huku kaskazini mwa Minnesota baridi imekaza
hata kitasa cha gari kimeukataa ufunguo.
Nafika saa kumi na moja, kabla ya bia ya kwanza,
naburura spika mbili, waya, kompyuta yenye midundo,
na kisanduku cha buluu, kipana kama kitabu cha sala,
ambamo wanakaa dada zangu.

Mnisamehe, ndivyo nisemavyo.
Kitufe cha kushoto, sauti ya juu: huyo Arvilla.
Kitufe cha kulia, sauti ya chini: huyo Jeanette,
ambaye yu hai, Arizona, na simu yangu hapokei
tangu tuuze nyumba ya mama
na kabati la vyombo tukaligombea kama mpaka wa shamba.

Kisanduku kina masharti.
Ukikilisha ngoma na besi kinapata wazimu,
kinautafuta ufunguo wa wimbo
kama mlevi anavyoutafuta mlango wa choo.
Kilishe kinanda peke yake, kwa waya wake,
halafu mwachie Mungu, na mguu wako wa kulia.

"Mko wangapi leo?" huuliza Stan Perko wa kaunta.
"Watatu. Lipa mmoja."
Kila Ijumaa. Miaka sita sasa.

Fuata nyuki ule asali, waliusia wahenga.
Basi kisanduku kinanifuata mimi,
nyuki wa miaka sitini na minane, goti bovu.
Nikishuka robo ya noti, tunashuka wote watatu,
kwa adabu, kama wanaoteremka ngazi za kanisa.
Hapo ndipo pengo linaponiuma.
Arvilla hakushuka na mtu.
Angenikodolea macho, angebaki kule juu
kama bati msumarini, mpaka nipande mwenyewe.
Naye Jeanette angechelewa. Daima. Nusu pumzi,
akimalizia kutafuna.
Kisanduku hakitafuni.

Midundo aliirekodi Wendell, mume wa Arvilla,
chini ya nyumba yao, kando ya tangi la maji moto,
mwaka wa tisini na tatu.
Baadaye akatufuta sisi, akaacha kodiani, ngoma, kinanda.
Alidhani amefuta zote.

Wiki iliyopita mtu alisogeza spika
ili kiti cha magurudumu kipite,
ikabaki imeikodolea maiki.
Wimbo wa nne, walzi. Ubeti wa pili umekwisha.
Nimefunga mdomo, navuta pumzi ya kiitikio,
mara Arvilla akacheka.

Sekunde mbili. Kicheko cha puani,
kile cha kuzuia na kushindwa.
Maiki ikakidaka, kisanduku kikakipokea,
kikakipa theluthi juu na theluthi chini,
nao wakacheka, Arvilla watatu, sawia, bila kupotea,
kisha spika ikaanza kupiga yowe
na Stan akaruka meza kuchomoa waya.

Kiitikio sikukiimba.
Hjalmar Niemi na mkewe walizidi kuzunguka kwenye ukimya,
maana masikio yao waliyaacha nyumbani zamani.

Kwa wanamuziki, iliyo juu yangu inaitwa theluthi.
Kwa hesabu ya mama theluthi ni mimi,
nimesimama na kebo mkononi
mbele ya sahani za mifupa.

Ndani ya gari, injini inakohoa, nikampigia Jeanette.
Ikajibu mashine. Sikusema neno.
Nikaielekeza simu kwenye kompyuta,
nikamchezea zile sekunde mbili,
nikakata.

Asubuhi, ujumbe:
*Alikuwa ananicheka mimi. Nilikuwa bado natafuna.*

Na chini yake, baada ya dakika kumi:
*Kabati ni langu.*