Kwa Nahuel, Aliyeniachia Bahasha kwa Mwoka Mikate

Nahuel,
bahasha yako nimeipata, ina doa la siagi pembeni.
Kosa la kwanza hilo, tulimalize mapema:
mswada hauachwi dukani kwa sababu bibi fulani
hununua mkate pale kila asubuhi.
Mchapishaji ana anwani. Ana mwezi wa kupokea
na mwezi wa kufunga. Uliza.

Miaka thelathini na mmoja nilisoma miswada ya watu
chumba cha nyuma, barabara ya Colonia, hapa hapa Montevideo,
dirisha likitazama ukuta.
Ukurasa wa kwanza tuliusoma tumesimama.
Wa pili, labda tukaketi.
Tukifika wa kumi, birika lilikuwa limepoa
na hakuna aliyekumbuka.

Basi babu yako anayeamka, akapiga mswaki,
akatazama mvua kurasa sita nzima,
mwache alale.
Hadithi inaanza ukurasa wa saba,
mjane anapouza saa ya marehemu
ingali inagonga.

Mama yako ameipenda? Naamini.
Sasa mpe mtu anayekudai.

Utakataliwa.
"Kazi yako haiendani na mpango wetu wa mwaka huu":
sentensi hiyo niliitunga mimi, Ijumaa jioni,
nikiwahi basi, na mpaka leo wanaitumia.
Haina maana. Usikeshe ukiitafuta.
Lakini mtu akikuandikia pembeni kwa kalamu,
hata neno moja, hata tusi,
huyo amekusoma. Mshike.

Atakuja pia mwenye viatu vya kung'aa,
akusifu kabla hajafungua bahasha,
kisha aombe mchango mdogo wa uchapishaji.
Fedha hutelemka kama maji, kutoka kwake kuja kwako.
Ukiona zinapanda mlima
ujue kuna mtu anapiga pampu.

Hesabu hii ifanye sasa, ungali na furaha:
kitabu cha peso mia sita, zako ni sitini.
Nakala mia tano zikiisha zote
(haziishi zote)
umepata kodi ya mwezi na kidogo cha nyama.
Usiache kazi ya duka la dawa.

Mkataba usome kwa sauti, jikoni, peke yako.
Penye neno "milele", weka kalamu chini.
Penye "lugha zote, nchi zote, na njia zitakazobuniwa",
inuka, nywa maji, rudi, kata.
Muulize: kikiisha sokoni, kinanirudia?
Akinuna, amekwisha kujibu.

Mimi sikuuliza.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita
na kalamu ilikuwa yake, nzito, nzuri sana.
Riwaya yangu ikafungiwa ghalani Paysandú,
haikuuzwa, haikurudi.
Kisha Jumapili moja, soko la Tristán Narvaja,
kati ya funguo zisizo na kufuli
na vichwa vya wanasesere,
nikaiona: imekunjwa mara mbili
chini ya mguu wa meza.
"Hicho bei gani?"
"Hakiuzwi, bibi. Nikikitoa, meza itayumba."
Nilicheka mpaka nikakalia ndoo ya mtu.
Miaka yote ile nikidhani hakifanyi kazi.

Haya. Nimekutilia alama za penseli
toka ukurasa wa saba hadi wa arobaini.
Mbele ya hapo sikugusa:
ama ni pazuri, ama nilichoka.
Kujua ni lipi, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Bahasha nimeirudisha kwa mwoka mikate.
Ifuate leo, usingoje kesho.
Umeniletea nakala ya pekee, Nahuel,
ya mkono, bila kivuli wala ndugu,
na yule bwana akikosa vijiti
huwashia tanuri karatasi yoyote.

Ofelia Bentancur