Tundu la Sita

Kanzu haisemi. Ndiyo maana twaipenda:
yashuka moja kwa moja toka bega hadi kifundo,
na hapo katikati kila mtu na siri yake.
Msemaji ni mkanda wa hanjari.
Huu wangu niliufunga tundu la pili siku ya harusi,
la tatu alipozaliwa Azzan,
na Idi hii fundi wa sokoni Ibra
akanitobolea la sita kwa msumari.
Akacheka, nikacheka,
akaniongeza halua.

Leo nimesimama kituo cha afya,
kanzu nimeikusanya kifuani, wizari nimeilegeza,
kiyoyozi chanipuliza kitovuni.
Muuguzi, Ruqaiya, makamo ya binti yangu,
anautafuta kwa kidole ubavu wa mwisho,
anautafuta mfupa wa nyonga,
katikati yake anatia nukta ya kalamu
kama mwashi ajuaye ukuta utapasukia wapi.

Anazungusha utepe.
Nalivuta tumbo ndani.

"Ami," anasema, na kwa Kiswahili, tena cha Mjini,
mimi niliyejificha asubuhi yote ndani ya Kiarabu,
"liachie. Toa pumzi. Sikushonei suruali."

Natoa pumzi.
Sentimita mia na tisa.

Hili ulishikalo kwa vidole, anasema, lina afadhali.
La kuogopwa limekaa ndani, limekumbatia ini na utumbo,
halilali, ladondosha shari yake damuni
tone kwa tone. Mizani itakwambia kilo,
haitakwambia zimekaa wapi.
Kiuno, ami, kisivuke nusu ya urefu wako.

Namsikia, lakini namwona Saif.
Mimi na Saif tumbo moja.
Mikono myembamba, miguu ya korongo,
na mtungi mmoja chini ya kanzu nyeupe.
Tukimtania: mwezi wa ngapi huo?
Wa saba, akijibu, niombeeni.
Sukari ilianza kwa kumwomba kidole cha mguu,
ikaja ikaomba mguu,
haikurudi kuomba tena, ilichukua.
Tumbo moja lilituleta.
Sijui niseme tumbo gani lilimwondoa.

Usiku Zayana akatoa uzi wake wa kudarizia kofia,
akanipima unyayo hadi utosi, akaukata,
akaukunja nusu, akanizungushia.
Ncha hazikukutana.
Pengo la shubiri na vidole viwili.
Tukalitazama, sinia la tende likitutazama sisi.

"Na mimi," akasema Azzan, miaka kumi na sita,
mabega ya ami yake, kicheko cha ami yake.
Mama yake akakata uzi mwingine, akaukunja.
Ncha zikagusana.
Zikagusana tu,
hazikubakiza hata pa kupigia fundo.