Subiri, Inazima

Nimeiambia izime tangu mwadhini wa Jadida anakohoa kupima spika.
Sasa watu washatoka msikitini,
viatu vimeshagombaniwa na vimeshapatikana,
nayo bado inazungusha kile kiduara chake cha nukta
kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko uleule mara ya kumi.

Tukuza ukutani inahesabu. Yuniti tatu na kidogo.
Nangoja nimesimama, mkono jirani na swichi,
na swichi siigusi, Othman alinikataza:
"Ukiikata ghafla, Shangazi, utaiua na mitihani ya watoto wa watu tumboni."

Kila nililoambiwa nimefanya.
Nimefuta michezo ya wajukuu,
nimefuta picha za harusi mbili za watu nisiowajua.
Nimemwondoa mlinzi wa virusi, kumbe walikuwa wawili,
wakilindana wao kwa wao usiku kucha.
Nimeisomea na Ayatul Kursi. Hilo halikuwamo kwenye maelekezo.

Akaja Shaame wa Kipangani na bisibisi na pampu ya baiskeli.
Akafungua ubavu, akapuliza,
chumba kizima kikanuka msimu:
vumbi la karafuu, makonyo mawili, ubawa wa mende.
Niliinunua kwa karafuu, ule mwaka wa bei,
ikakaa karibu na majamvi kama mtoto wa nyumbani
ikivuta pumzi tuliyoivuta.
"Sasa itazima kabla hujatamka," akasema.
Tukaizima.
Tukanywa chai. Tukamaliza mkate wa mofa wote.
Kiduara kikazunguka.

Wageni wa kwetu ndivyo wanavyoaga, nikamwambia, kwa kuona haya.
Dada yangu Biubwa huaga kitako, huaga kasimama,
huaga mlangoni kavaa kiatu kimoja,
na lile la maana lililomleta
hulisema keshafika kwenye ngazi.
Shaame hakucheka. Alikuwa kainamia kioo.

"Mwalimu, printa yako iko wapi?"
Niliiuza. Kwa Maalim Sleyum wa Bopwe, mwaka wa tatu huu.
"Basi mwenzio hajaambiwa.
Kila ukimwambia alale, huenda kuitafuta kwanza.
Kuna kazi imeshika foleni. Karatasi mbili."

Akaibofya, ikafunguka.
*Kwa Biubwa binti Faki, Mpendae, Unguja.*
Salamu hakuna.
Mikarafuu kumi na minne ya Mzambarauni,
nani alipalilia, nani alikula,
nani alimuuguza mama na nani alituma kanga.
Neno moja la katikati sithubutu kulirudia,
nami nilikuwa nimelipigia mstari.

Siku ile wino ulikwisha. Nilikipiga kijisanduku kofi,
nikaapa kesho nanunua mwingine,
na hiyo kesho akapiga simu yeye, anauliza mgongo wangu.
Hatukuyapatanisha wala hatukuyataja.
Msimu uliofuata tulichuma pamoja,
akateleza kipandio cha kwanza,
tukacheka mpaka tukakaa chini.

Na miaka mitatu, kila usiku,
mie nalala nimeshasahau,
nayo inabisha hodi kwenye mlango uliokwisha kuuzwa,
karatasi zangu mbili mkononi.
Sijapata kuwa na tarishi mwaminifu kama yule.

"Nifute?"
Kidole juu ya kitufe, macho kayapeleka dirishani,
kijana wa watu, kasoma yote.
Futa.

Ikazima. Pu.
Hata pumzi sikuwahi kuishusha.
Kioo kikawa cheusi, na ndani yake nimo mie,
mtandio umeniteremka begani, mdomo wazi.
Shaame akataka elfu kumi. Nikampa, na kichane cha ndizi.

Halafu nikampigia Biubwa, sina hata la kumwambia.
Habari za mvua. Habari za bei ya unga.
Tukaagana mara nne.
Ya tano alikuwa ndiyo anaanza, "Lakini hebu nikwambie",
salio likaisha.