Thelathini za Kutoa

Dalali Isingoma alikuja na futi kamba,
akapima sebule, akapima veranda,
akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua fenesi.

Kabla ya mafuta, alisema,
hii ingekwenda kwa milioni ishirini na mbuzi.
Sasa lami inatoka Hoima hadi ziwani.
Andika mia na themanini.

Kisha akazunguka nyuma, akaliona kaburi.
Toa thelathini, akasema, bila kuinua kichwa.
Wanunuzi wa siku hizi hawapendi jirani wa aina hiyo.

Nikabaki pale nikihesabu.
Mama, aliyefyatua matofali haya kwa mikono yake,
akauza maharage miaka saba
ili bati zipande moja moja,
leo ni thelathini za kutoa.

Jioni nikachukua rangi iliyobakia ya mlango,
nikaandika ukutani, herufi zikipinda:
NYUMBA HII HAIUZWI.

Alfajiri, simu ya Isingoma.
Abwooli, umefanya vyema!
Zilizoandikwa hivyo ndizo hupanda haraka.
Kuna mtu ameshaongeza kumi.

Rangi ilikuwa bado haijakauka.